Jiwe Chini ya Santuri

Kabla sijaeleza nilivyoondolewa kwenye Meza ya Bwana, acha nieleze kwanza santuri inavyosoma. Bila hilo hakuna atakayeelewa kwa nini mwanamke mwenye akili zake alikuwa anapiga magoti sebuleni kwake na kunyunyizia maji majani makavu ya mgomba.

Sahani ya santuri ina mfereji mwembamba unaozunguka kuanzia ukingoni mpaka katikati. Sindano inatembea ndani ya ule mfereji. Humo ndani kuna mabonde na vilima ambavyo jicho halioni, sindano inapita inatikisika, na kule kutikisika ndiko kunakuwa sauti. Aliyenieleza hivyo ni mzee mmoja mmishonari, mzungu, aliyekaa kwetu upande wa Isingiro miaka ile ya baada ya vita. Mke wake ndiye alitufundisha sisi akina mama kusoma na kuandika, darasa la jioni, tukitoka shamba na miguu ina udongo. Nilikuwa na watoto wawili na wa tatu yuko tumboni nilipoandika jina langu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nasoma kwa kidole. Ukinigusa kiwiko, mstari umepotea, naanza upya. Kwa hiyo yule mzee aliposema sindano ikiguswa inapoteza mstari wake, nilimwelewa kuliko hata walimu waliokuwepo.

"Haina akili," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Inasoma kila kinachotikisika. Haijui kipi wimbo, kipi mguu wa ng'ombe."

Nyumbani kwake alichimba shimo katikati ya sebule, akajenga nguzo ya saruji kutoka chini kabisa. Nguzo haikugusa sakafu. Aliacha nafasi ya kidole kimoja pande zote. Santuri ilikaa juu yake, na sisi hata turukeruke sakafuni, yeye anatutazama tu anacheka, wimbo unaendelea. Watu walisema amezika kitu mle. Sikujali. Mimi nilikuwa nasikiliza.

Walipoondoka kurudi kwao, nguzo haikubebeka. Santuri wakaliachia darasa letu la akina mama, pamoja na spika mbili za mbao, betri ya gari, na sahani zilizojaa kreti ya soda, karibu zote za kwaya na vinanda vya kanisani. Tukaipeleka kanisani, tukaiweka mezani, na meza ilikuwa juu ya jukwaa la mbao. Loo! Mtu akipanda jukwaani tu, sindano inaruka ubeti mzima. Mama mmoja akasema, "Hawa waimbaji wana haraka, wameacha ndizi jikoni." Tukacheka, lakini tulikuwa tunaziharibu sahani. Ndipo akina mama wakakubaliana ikae nyumbani kwangu, kwa sababu sebule yangu ilikuwa ya udongo ulioshindiliwa vizuri na haina mbao.

Nilikuwa na mwenzangu wa dawati. Tulianza darasa la jioni siku moja, tukigawana penseli moja tuliyoikata katikati. Alikuwa mwenyeji hasa, ukoo wake unajulikana mpaka Nkwenda. Mimi wazazi wangu walitoka Rwanda zamani, nikazaliwa Ndama, nikaolewa huku. Yeye ndiye aliyenishika mkono siku za mwanzo nilipokuwa bi harusi mgeni nisiyejua njia ya kisimani. Nikijifungua, yeye ndiye anakuja kunipikia. Nilimwita dada, na sikulitumia neno hilo kwa kupamba.

Basi tukaanza kazi ya kuitafutia santuri mahali, mimi na yeye.

Juu ya meza, kila jirani akitwanga karanga sindano inagongagonga. Malori ya kahawa yakipita barabara ya Nkwenda, ndiyo kabisa. Tukakunja blanketi mara nne, tukaiweka chini yake. Ikawa inayumba kama mlevi, sindano ikatambaa pembeni. Tukajaribu nyasi, zikalala upande mmoja. Na spika nazo zilikuwa meza ileile, ukiongeza sauti kidogo zinatikisa meza, meza inatikisa sindano, sindano inairudishia spika, hapo inatoka ngurumo kama ya fahali. Mtoto wangu alikimbilia nje. Spika tukazihamishia ukutani, kila moja na kigoda chake, ngurumo ikaisha. Lakini vishindo vya chini vilibaki.

"Inataka kitu kizito," nikamwambia. "Kitu kisichojali watu."

"Basi inamtaka mume wangu," akasema. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Kesho yake mchana nikamwona anakuja kwa njia ya migombani, jiwe kichwani, shingo imesimama. Jiwe pana, jeusi, bapa kama kiti. Nilimpokea, tukalishusha wote wawili huku tunaguna.

"Limetoka wapi hili?"

"Nyuma ya nyumba, kwenye migomba. La marehemu mama mkwe. Alikuwa anasagia ulezi."

"Mbona zito hivi?"

"Umetaka zito, nimekuletea zito. Sasa unataka na maelezo?"

Lilikuwa na mashimo mawili ya duara juu yake, yamelainika kwa kutumika. Sikuyafikiria.

Lakini nilichokiona siku ile ni kichwa chake. Amelibeba jiwe lile kutoka kwake mpaka kwangu, njia ya mawe na mizizi, na jiwe halikuyumba. Kwa sababu gani? Kwa sababu ya ngata, ile pete ya majani chini ya mzigo. Wazazi wangu wanaita ingata. Mwanamke yeyote anajua: ukibeba mtungi bila ngata, kila hatua inapiga maji na maji yanakupiga uso. Weka ngata, miguu inaruka huko chini, maji yametulia huku juu. Ngata inakula kishindo. Miaka yote tumebeba dawa hiyo kichwani, tunahangaika na mablanketi!

Nikasuka ngata tatu. Tatu, kwa sababu mafiga ni matatu na chungu hakichezi. Nilizisuka kama bibi yangu alivyonifundisha, majani makavu ya mgomba yakizungushwa kwa kubana, halafu kamba ya gome la mgomba ikipita juu kwa juu kuelekea kushoto. Ikilegea sana, jiwe linakaa chini kama limekaa kwenye uji. Ikibana sana, ni kama hujaweka kitu. Mwenzangu alikuwa ananishikia kamba. Tukaziweka sakafuni, jiwe juu, santuri juu ya jiwe. Kupima, nikachukua bakuli la maji nikaliweka kwenye shimo moja lililobaki wazi pembeni, likaingia kana kwamba lilichongewa. Nikamwambia mtoto, "Ruka!" Akaruka. Maji kimya. "Ruka tena!" Kimya. Mwenzangu akaruka mwenyewe, na mwili wake ule. Maji yakatetemeka kidogo tu, yakatulia.

Jumapili ile tulisikiliza mchana baada ya ibada, akina mama kumi na kitu, juu ya nyasi nilizotandika. Ile sahani tuliyokuwa tunaiona ya kawaida, jamani, kumbe ilikuwa imefunikwa. Tulisikia mtu wa kinanda akibadilisha miguu. Tulisikia wanawake wa ile kwaya wakivuta pumzi pamoja kabla ya kuanza ubeti, hewa inaingia, halafu sauti. Na katikati ya wimbo wa pili kuna mtu alikohoa. Mwanamume, nyuma kulia, kikohozi kikavu kimoja. Miezi yote hatukuwahi kumsikia.

"Pole, baba!" mama mmoja akamwambia.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Kila tukifika hapo, wote pamoja: "Pole, baba!" Wapo waliosema angepewa maji ya tangawizi. Lugha yao hatukuijua hata neno, lakini kikohozi tulikielewa.

Ngata ina kazi yake. Ikikauka sana inakatika ndani na kupoteza nguvu, kwa hiyo kila mara kabla ya kusikiliza nilikuwa nainyunyizia maji kwa vidole, kidogo tu, kisha napiga magoti na kuangalia bakuli mpaka maji yakae sawa, nijue jiwe halijainama. Watu walivua viatu mlangoni. Hakuna kutembea. Hakuna kuongea. Mimi niliona ni utaratibu. Sikuwahi kujiona kwa macho ya mtu aliyesimama mlangoni.

Aliyesimama mlangoni alikuwa mzee mmoja wa kanisa. Alikuja mapema siku hiyo, akina mama hawajafika, alikuwa na ujumbe kwa mume wangu. Akanikuta nimepiga magoti mbele ya jiwe, mkono mmoja una maji. Nilipaswa kuinuka nimwamkie. Nilijua. Lakini maji yalikuwa yanakaribia kutulia, na nikaogopa nikiinuka nitaanza upya. Nikainua mkono bila kugeuka, nikasema:

"Subiri kidogo, mzee, maji hayajatulia."

Alisubiri. Kisha nikainuka, nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mbali, akaondoka na ujumbe wake. Mume wangu aliporudi nikamweleza. Akanitazama. Yeye ni mtu wa maneno machache, maneno yake mengi ameyamalizia kwenye kahawa.

"Ulimwambia maji hayajatulia?"

"Ndiyo."

"Mke wangu," akasema, "huyo mzee amekua wakati wa mandwa. Umemuua."

Mandwa ni mizimu ya zamani, ya huku na ya Rwanda, ilikuwa inatambikiwa majumbani kwa pombe na maji, watu wakiwa kimya na kiongozi akiwa amepiga magoti. Sasa hebu jumlisha mwenyewe. Nyasi zimetandikwa, viatu viko nje, pete tatu za mgomba, jiwe jeusi, maji, magoti. Halafu zinatoka sauti za watu wasioonekana, wanaongea lugha isiyojulikana, na wanawake wanamjibu mmoja wao pole.

Wiki iliyofuata niliitwa ofisi ya usharika. Wazee sita kwenye benchi, mwinjilisti katikati. Jiwe lilikuwa limebebwa, liko sakafuni. Mwenzangu naye aliitwa, na akina mama wengine wawili.

"Mama, unatambikia nini?"

"Sitambiki, mzee. Nasawazisha santuri."

"Kwa maji?"

"Majani yakikauka yanakatika."

"Na kupiga magoti?"

"Nitayaonaje maji nikiwa nimesimama?"

Mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Nikaanza kueleza sindano, mfereji, kishindo. Nilieleza vizuri, nadhani sijawahi kueleza kitu vizuri kama siku ile. Walinisikiliza kama watu wanaosikiliza mvua ikinyesha kijiji kingine.

"Huko kwenu Rwanda ndivyo mnavyofanya?"

"Kwetu ni hapa, mzee. Nimezaliwa Ndama."

"Tunajua ulipozaliwa. Tunauliza mambo haya yametoka wapi."

Kisha yule mzee aliyenikuta akainama, akapitisha kiganja juu ya jiwe, kwenye yale mashimo mawili. Alifanya taratibu, kama mtu anayemshika mtu aliyemfahamu.

"Jiwe la kusagia lina bonde moja refu, la kusukuma mbele na nyuma," akasema. "Hili lina mashimo mawili ya duara. Haya ni ya kumiminia pombe. Mawe haya tuliyatupa mtoni zamani, tulipobatizwa. Hili lilifichwa. Nani alilificha?"

Nikapumua. Nilifurahi hata, Mungu anisamehe, maana niliona njia ya kutoka. Iko pale mbele yangu, na imevaa kitenge. Nikamgeukia.

"Dada, waeleze. Wewe ndiwe uliyelileta."

Alikuwa anaangalia mikono yake. Ile mikono naijua, imenikanda mgongo nilipojifungua.

"Mimi?" akasema. "Mimi nililikuta pale kwake."

Nikadhani hajaelewa swali.

"Dada. Mchana. Ulilibeba kichwani, tukalishusha wote."

"Nilikuta lipo. Nilidhani amelitoa kwao."

"Unasema mbele za Mungu?" mwinjilisti akauliza.

"Mbele za Mungu."

Nyuma ya ofisi ile kulikuwa na majogoo, wa mlinzi. Nakumbuka nilitega sikio. Hakuna aliyewika.

Nikatengwa. Asiyejua kutengwa, nimweleze: unakuja ibadani, unakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Unaimba, unatoa sadaka, hiyo hawakatai. Wakati wa chakula cha Bwana wenzako wanapita mbele, wewe unabaki, na watoto wadogo wanageuka kukutazama. Kurudi kupo. Unasimama mbele ya usharika wote, unataja dhambi yako kwa kinywa chako, mchungaji anakuombea, mnaimba, imekwisha. Wazinzi walirudi hivyo. Wauza gongo walirudi. Nilichotakiwa ni kusema neno moja: nilitambika.

Santuri ikahamishiwa kwa mwenzangu. Mume wake mwezi ule alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa.

Hapo ndipo nilipoelewa, na sikuhitaji mtu wa kunieleza. Mama mkwe wake, yule marehemu wa kusaga ulezi, alikuwa mtu wa mandwa mpaka anakufa. Wakubwa walijua, wakanyamaza kwa heshima ya ukoo. Jiwe lingefika mlangoni pake, uzee wa kanisa ungekwenda, na jina la nyumba pia. Sijui kama siku aliyonibebea alijua ni jiwe la namna gani. Nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko ninavyoomba, na mimi naomba sana. Nafikiri alijua, na akaona kwangu litakuwa mbali na kwake.

Miezi ikapita. Siku moja mchana nikiwa napalilia maharage, namwona anakuja, mikono mitupu. Alikaa kwenye tuta. Tukasalimiana. Kwetu huwezi kutosalimiana.

"Ile santuri," akasema, "inanguruma."

"Umeiweka wapi?"

"Kwenye kabati. Tumeweka na godoro la mtoto chini yake."

"Mmh."

"Akina mama wameanza kutokuja. Wanasema yule baba hakohoi tena." Alijaribu kucheka. "Nifundishe ile ngata."

"Tuliisuka wote."

"Mimi nilishika kamba tu. Mkono ni wako."

Nikaliweka jembe chini. Nikamwambia, "Nitakuja Jumapili. Nitasuka mbele ya akina mama wote, na jiwe lingine tutatafuta. Ila wewe Jumapili hiyohiyo, asubuhi, utasimama useme lile lilikuwa la nani."

Akavunja donge la udongo kwa vidole. Kulikuwa na upepo, migomba inapigana majani.

"Siwezi, waitu, ndugu yangu. Unamjua mume wangu. Watatuita watu wa mizimu mpaka wajukuu."

"Na mimi wananiitaje?"

Hapa ndipo aliposema neno ambalo sijaweza kulitoa. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kwa upole kabisa, kama anayenifariji, mkono wake uko gotini kwangu.

"Wewe walikuwa wanakusema tangu zamani," akasema. "Wewe umezoea."

Kule ofisini alinikana kwa hofu, na hofu naielewa. Lakini hapa hakukuwa na wazee. Tulikuwa wawili tu na maharage. Kumbe miaka yote ile ya kunishika mkono kwenda kisimani, alikuwa ananihesabu pembeni, kama mtu anayeweza kubebeshwa kwa sababu mgongo wake una sugu tayari. Nilichukua jembe nikaendelea kupalilia. Alikaa kidogo, akaondoka. Ngata sikumfundisha. Baadaye nilisikia sindano imekwisha, na spika moja imewekewa kuku atamie.

Sasa binti yangu wa kwanza alikuwa anajiandaa kwa kipaimara. Katika usharika wetu ilikuwa desturi: mvulana akipiga magoti madhabahuni anasimamiwa na baba, msichana na mama, mkono begani. Aliyetengwa hapandi. Kila mtu alijua hilo, na binti alikuwa anahesabu wiki.

"Mama," akaniambia tukimenya ndizi, "si useme tu?"

"Niseme nini?"

"Hilo neno. Useme, Mungu si anajua hukufanya? Atakuwa anajua unadanganya kwa sababu yangu."

Nilimtazama, mtoto wa miaka kumi na minne, kisu mkononi, machozi yamejaa. Ningempiga ningekuwa nampiga mtu aliyesema ambacho mimi mwenyewe nimekiwaza. Maana nilikuwa nimeshaliandika. Kwenye daftari langu la darasa la jioni, kwa penseli: *Mimi nilitambika.* Nilitaka nione linafananaje. Nikalifuta, lakini niliandika kwa kukandamiza, likabaki likisomeka.

Nikamuuliza mume wangu. Akakaa, akawasha sigara yake, akaizima.

"Ukisema, utapanda na mtoto," akasema. "Siku hiyo itapita. Halafu kila utakapofungua mdomo kuomba, utaanza na uongo ule. Mimi siwezi kukuchagulia. Lakini mimi nakujua."

Nililia usiku ule na usiku mwingine. Nilimwambia Bwana: nilijifunza kusoma kwa taabu ili nisome neno lako mwenyewe, nisisomewe. Sasa unataka nisimame mbele yako nisome kitu ambacho hakikuandikwa? Mwisho niliamua: neno lile sitalisema.

Siku ya kipaimara nilivaa vizuri. Nikakaa benchi langu la mwisho. Wasichana walikuwa saba, nguo nyeupe, wakapiga magoti mstari mmoja, mama zao nyuma yao. Nyuma ya binti yangu hakukuwa na mtu, halafu akawepo. Wazee walikuwa wamechagua mwenyekiti wa akina mama amsimamie. Hakuna aliyeniambia. Mwenyekiti wa akina mama wakati huo alikuwa yeye, mwenzangu wa dawati.

Alipanda taratibu, na kitenge kipya. Akaweka mkono begani kwa mtoto wangu. Binti aligeuka kidogo, akaona ni nani, na nikaona bega lake linashuka, linajaribu kutoka chini ya ule mkono, halafu linatulia kwa sababu mchungaji amefika. Niliwaza kutoka nje. Mlango ulikuwa hatua mbili. Nikasema hapana, mwanangu akigeuka ataniona nipo. Nikakaa. Akageuka, nilikuwepo.

Ikapita miaka kadhaa. Nikawa na sugu kweli sasa, mwenzangu alikuwa amesema ukweli kabla ya wakati wake. Huyo niliyekuwa nacheka naye zamani nilimsalimia kila Jumapili: umeamkaje, watoto hawajambo, hawajambo. Mume wake akaendelea kukusanya sadaka, mpaka benchi la mwisho, hakuwahi kunitazama.

Kisha alihamishiwa kwetu mchungaji mwingine, kijana, mgeni wa koo zote. Alikuta jina langu kwenye orodha ya waliotengwa, akaja nyumbani, akanywa chai, akauliza. Nikamweleza kila kitu, na sindano na ngata na kikohozi. Jina la mwenye jiwe sikulitaja. Nilishalitaja mara moja mbele ya watu, ilitosha.

"Kwa hiyo hukuwahi kutubu?"

"Nimetubu mengi, baba mchungaji. Hilo sikulitenda."

"Na kama nikisema utabaki nyuma mpaka ufe?"

"Nitabaki nyuma."

Alizungusha kikombe chake. Akasema, "Jumapili ijayo upite mbele." Akamaliza chai yake, akaaga. Kwa wazee sijui aliwaambia nini, nilisikia walikaa mpaka jua likazama.

Watu wakanipongeza barabarani. Wakasema nimesamehewa. Mama mmoja alinikumbatia akalia, akasema Mungu ni mwema, hata wewe amekusamehe. Hakuna hata mmoja aliyesema sikukosa. Hilo halikuwahi kusemwa, mpaka leo ninapoandika. Jiwe la nani, hakuna aliyeuliza tena.

Jumapili ile nilipita mbele. Miguu ilikuwa imesahau ile njia. Nikapiga magoti mwisho wa mstari wa akina mama, sikuangalia pembeni. Mkate ukapita. Kikombe kikaanza kuja, nasikia mchungaji akirudia maneno yale kwa kila mmoja, yanakaribia. Alipofika kwa aliye kushoto kwangu nikaiona mikono inayopokea kikombe, nikaijua. Akanywa. Mchungaji akafuta ukingo kwa kitambaa, akakizungusha kidogo, akaniletea mimi.

Nilisita. Mchungaji alisubiri, na nadhani alidhani ni furaha. Nikamwambia Mungu moyoni, bila kupamba: huyu sijamsamehe, na leo sitamsamehe, unaona mwenyewe. Nimekuja hivyohivyo. Kama hunitaki hivi, nirudishe benchi la nyuma, njia naijua.

Kikombe kilikuwa bado kipo mbele yangu. Nikanywa.